Sauti Nyuma ya Mlango wa Kijani

Kila alipotoka shule, Mpekuzi alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, akamtungia uzi kwenye sindano za kutosha kazi ya jioni, ndipo akaruhusiwa kugusa simu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, na cherehani yake ya miguu ilikuwa kuukuu hata kanyagio lake lililia kama bata kila lilipokanyagwa. Majirani walikuwa na utani wao: hakuna haja ya kununua saa, bata wa fundi akilia ujue kumekucha.

Mpekuzi si jina alilozaliwa nalo. Wenzake walimbandika kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuacha kitu bila kukipekua, iwe redio, mkoba wa shangazi, au kiota cha kuku anayeatamia. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na upekuzi wake wote ulikuwa umehamia kwenye mchezo mmoja wa simu ulioitwa Jumba la Bwana Taa.

Katika mchezo huo wewe ni mtumishi wa jumba kubwa lililojaa giza. Kazi yako ni kuwasha taa, chumba baada ya chumba, kabla mwenye nyumba hajarudi. Hayo ni rahisi. Lakini ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa korido nyembamba, kuna mlango wa kijani usiofunguka. Hakuna ufunguo wake popote. Ukisimama mbele yake bila kugusa kitu, kivuli hupita chini ya mlango, taratibu, kama mtu anayetembeatembea kwa mawazo. Basi, hakuna zaidi. Waliotengeneza mchezo hawakuwahi kusema kivuli hicho ni cha nani.

Kwa kivuli hicho kimoja watoto wa mtaa walijenga mji mzima wa maneno. Walikutana kila jioni kwenye ngazi za jengo ambalo mwenyewe aliishiwa na kuliacha bila paa. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Kijino, rafiki mkubwa wa Mpekuzi, msichana aliyevunjika ncha ya jino la mbele. Kijino alikuwa ameokota neno "nadharia" kwa dada yake wa sekondari, na tangu siku hiyo alilitia kila mahali kama chumvi.

"Nadharia yangu ni kwamba mle ndani yumo mke wa Bwana Taa," alisema. "Tazameni ile picha ya sebuleni. Wamekaa watu wawili, lakini vivuli ukutani ni vitatu."

"Mbona mimi naona viwili," mwenzao mmoja akabisha.

"Kwa sababu unatazama kama mtu anayechungulia sufuria. Tazama kwa akili."

Hakuna aliyetazama kwa akili kumshinda Mpekuzi. Ni yeye aliyegundua kwamba saa ya jikoni mwa jumba lile inarudi nyuma, na kwamba paka wa ngazini hana kivuli. Kila alipoleta jambo jipya, wenzake walimsogelea na kunyamaza, na kichwa chake kikavimba kidogo. Ila siri za jumba zilianza kumwishia. Siku moja akaja mvulana wa mtaa wa pili na maelezo marefu kuhusu paka, na wote wakamgeukia huyo. Mpekuzi akabaki anakwaruza saruji kwa kucha. Aliumia kuliko alivyotaka kukubali.

Wiki ileile, walimu walikuwa na mkutano na wanafunzi waliruhusiwa mapema. Jua lilikuwa kali, barabara ikimeremeta. Mpekuzi alipofika nyumbani alishangaa kwamba bata halii vizuri. Anaguna mara moja, ananyamaza, anaguna tena. Akasimama mlangoni, kando ya meza ya pasi. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya cherehani, kitambaa kimemwangukia magotini, mguu mmoja ukilisukuma kanyagio bila kujua. Alikuwa analia.

"Giza linaingia," alisema kwa sauti ya chini. "Ee Mungu wangu, giza linaingia na mimi bado nipo."

Tusimsingizie mtoto wa watu. Wazo lake la kwanza lilikuwa jema. Mguu wake ulishanyanyuka kuingia ndani. Lakini wazo la pili lilikuja mbio likalipita la kwanza: maneno yale, kwa sauti ile, yangeweza kabisa kutoka nyuma ya mlango wa kijani. Simu ilikuwa juu ya meza ya pasi, inachajiwa. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Alisimama pale hadi mama yake alipotulia. Kama angenyoosha mkono zaidi kidogo angemgusa bega. Mama hakugeuka, na Mpekuzi akajiambia ana bahati leo. Kisha akarudi nyuma kwa ncha za vidole, akazunguka nyumba, akaja tena akikohoa kwa makusudi.

"Umefika mwanangu?" mama akauliza, akijifuta uso kwa kile kitambaa. "Njoo unitungie uzi."

Hakumuuliza mama yake alikuwa na nini. Watu wazima hulia, aliwaza. Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, yuko safarini, labda ni upweke, yatapita. Jambo ambalo hakujiuliza kabisa ni kwa nini mtu aseme giza linaingia wakati jua la mchana linapiga dirishani.

Kwenye simu kulikuwa na kiprogramu cha kuchezea sauti. Mpekuzi akaivuta ile sauti taratibu hadi ikawa nzito kama inatoka kisimani. Bata wa cherehani naye akageuka kuwa kitu kingine, mlio mrefu kama wa bawaba ya mlango yenye kutu. Akairusha kwenye simu ya dada yake Kijino, na jioni ile, kwenye ngazi za jengo lisilo na paa, watoto wakaisikiliza wamekumbatiana mabega.

"Umeipata wapi?" Kijino alinong'ona.

"Nilisimama mbele ya mlango wa kijani muda mrefu, nimezima taa zote za ghorofa," Mpekuzi alijibu. "Ndipo ikaja."

Hakuna aliyemkumbuka tena mvulana wa mtaa wa pili.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda zamani. Uongo huu ulipanda kwenye simu, ukatoka mtaani, ukaingia shule nyingine, ukarudi umenenepa. Mmoja alisema ni mwanamke aliyefungiwa kwa sababu alivunja taa. Mwingine alisema alitobolewa macho. Kijino akaunganisha yote: mwanamke yule ni kipofu, ndiyo maana mumewe anataka taa ziwashwe kila chumba, kwa huzuni. "Nadharia kamili," alisema, na akapigiwa makofi. Mpekuzi alicheka pamoja nao. Alirudi nyumbani kila jioni akiwa mwepesi, mtu anayetajwa.

Nyumbani, dalili zilikuwa zimeanikwa kama nguo. Mama alipiga kikombe kwa kiwiko kikavunjika, kesho yake akapiga kingine. Alijigonga nyonga kwenye fremu ya mlango alioupita miaka yote. Alitafuta mkasi kila mahali na mkasi uko pembeni ya mkono wake. Alilalamika balbu imechoka; ikabadilishwa, akalalamikia mpya. Mteja mmoja alirudisha gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akaondoka bila kuaga. Kila mara mama alisema, "Nimechoka tu," kabla hajaulizwa, na Mpekuzi akaridhika na maneno hayo kwa sababu simu ilikuwa inamsubiri.

Hata muuza mkaa wa kona alimsimamisha njiani. "Mwambie mama yako tumekubali, siku hizi ni mtu mkubwa," alisema, nusu utani, nusu donge. "Jana nimempungia mkono kanipita kama nguzo ya umeme."

Mpekuzi akacheka, akaendelea na safari yake. Saa ya nyumba ya kubuni ilipokwenda kinyume, aliiona. Mama yake mzazi alipoanza kupita watu asiwaone, hakuona kitu.

Likizo fupi ilikuja ikapita. Jioni moja baada ya likizo, Mpekuzi alikuwa anaosha vyombo nyuma, bata analia chumba cha mbele, wakati kundi la watoto lilipopita barabarani. Mmoja alikuwa na simu, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho. Giza linaingia. Wakaangua kicheko. Mmoja wao akaigiza kwa sauti ya kukoroma, akiyavuta maneno, na wengine wakapiga mayowe ya kujifanya wameogopa.

Bata akanyamaza.

Mpekuzi alisimama na sahani mkononi. Watoto walipita, kicheko kikafifia, na ndani ya nyumba hapakusikika chochote. Akaomba kimoyomoyo cherehani ianze tena. Haikuanza.

"Mwanangu," mama aliita.

"Abee."

"Njoo. Simama mbele yangu, usisimame pembeni."

Mpekuzi akaenda. Mama alikuwa ameshika kitambaa mapajani, mikono yake imetulia kuliko kawaida.

"Hiyo sauti wanayocheza watoto ni ya nani?"

"Ni ya kwenye gemu, mama. Kuna mlango wa kijani ghorofani, haufunguki, sasa nyuma yake kuna..."

"Ya kwenye gemu."

"Ndiyo, mama."

Mama akalikanyaga kanyagio mara moja, taratibu kabisa. Bata akatoa mlio mrefu.

"Na huyu? Naye anaishi kwenye gemu?"

Mpekuzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua mdomo atafute uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuupata. Akasema yote, akilia, maneno yakigongana: mkutano wa walimu, meza ya pasi, kiprogramu, ngazi za jengo. Alisubiri kofi. Kofi lingekuwa afadhali.

"Ulikuwa umesimama wapi?" mama akauliza.

"Hapo mlangoni. Karibu na pasi."

Mama aligeuza kichwa chote, polepole, hadi uso ukaelekea mlangoni. Kutoka kwenye kiti hadi pale ulikuwa umbali wa mkono tu.

"Hapo," alisema. "Mchana ule. Na mimi sikukuona."

Mpekuzi alitazama uso wa mama yake na kugundua kwamba hasira haimo. Kilichokuwamo ni hofu, na hofu ya mtu mzima ni kitu kibaya sana kwa mtoto kukiona. Alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Mbele naona," mama alisema. "Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni kuna moshi, na huo moshi kila siku unasogea. Jicho la kulia ndilo baya. Nilidhani ni uchovu. Halafu nikajua siyo uchovu, nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani atampa kitambaa chake fundi asiyeona? Na baba yako angeendesha lori akiwa na mawazo. Nikasema nimeze mwenyewe." Akakikunja kile kitambaa mapajani. "Na wewe, kwa nini hukuniuliza?"

Nje palikuwa pamekwisha kuwa giza kweli, na ilichukua muda mpaka mmoja wao akakumbuka kuwasha taa.

Hospitali walikwenda asubuhi iliyofuata, Mpekuzi akimshika mama mkono wa kulia, upande wa moshi. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole mwenye maneno machache. Alimketisha mama mbele ya mashine, akamwekea kidevu kwenye kibao, akampa kitufe. "Kila utakapoona nukta ya mwanga, bonyeza. Macho yasitoke katikati."

Nukta ziliwaka moja moja, katikati, juu, kando. Mpekuzi, aliyekuwa amesimama nyuma, aliziona kwenye kioo cha kompyuta ya daktari. Nukta iliwaka kushoto, mama akabonyeza. Ikawaka kulia, kidole cha mama hakikutikisika. Ikawaka kulia tena, chini, juu. Kidole kilitulia tu. Mpekuzi alitaka kupiga kelele, mama, hiyo hapo, bonyeza. Hakuna taa aliyowahi kuitamani iwashwe kama zile.

"Ni presha ya macho," daktari alisema baadaye. "Mara nyingi haiumi, kwa hiyo watu huchelewa. Inaiba kuanzia pembeni, kimyakimya. Mama, nisikufiche. Sehemu iliyokwisha kuondoka hairudi. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuirudisha. Iliyobaki tunaweza kuilinda kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Na binti naye tumpime, maana ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo."

Macho ya Mpekuzi yalikuwa mazima. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Tungekuja kabla ya likizo," aliuliza, akitazama sakafu, "angebaki na zaidi?"

Daktari alimgeukia. "Kadiri mtu anavyowahi, ndivyo anavyobaki na kingi," alisema. "Siwezi kukupimia ni kiasi gani."

Njia nzima ya kurudi Mpekuzi aliushika ule mkono wa kulia wa mama. Tangu kabla ya likizo alikuwa akitembea na kilio cha mama yake, akikichezesha, akikisikiliza tena na tena, na hakuna mtu mtaani aliyekijua kilio kile neno kwa neno kumshinda yeye.

Jioni alikwenda kwenye ngazi za jengo akawaambia wenzake ukweli. Alidhani watamzomea. Walichofanya kilikuwa kibaya zaidi: hawakumwamini.

"Wenye gemu wamekutisha," alisema mmoja. "Wamekwambia ukanushe."

"Kama ni mama yako, mbona ule mlango unalia mle ndani?"

"Si mlango, ni cherehani."

"Hiyo ndiyo nadharia dhaifu kuliko zote," akasema mvulana wa mtaa wa pili, na watu wakacheka. Walikwishaipenda hadithi. Ukweli ulikuwa na nini cha kuwapa, fundi mmoja na chupa ya dawa?

Kijino peke yake hakucheka. Alimfuata Mpekuzi hadi kona ya muuza mkaa, wakasimama. "Ile ya kipofu niliitunga mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilipigiwa makofi." Akatoa simu ya dada yake, akaifuta ile sauti mbele ya macho ya Mpekuzi. "Nimefuta. Ila kwa wengine sijui imefika wapi."

Hata Mpekuzi hakujua. Maji yakimwagika hayazoleki. Mahali fulani, mtoto asiyemfahamu alikuwa akicheka huku akimsikiliza mama wa Mpekuzi akilia.

Mama alifanya jambo alilolikwepa muda wote. Aliwaita wateja wake mmoja mmoja akawaeleza: mshono ulionyooka naweza, mapazia na mashuka naweza, magauni ya harusi sitapokea tena. Wengine walichukua vitambaa vyao siku hiyohiyo. Wengine walibaki. Muuza mkaa alikuja kuomba radhi akiwa ameshika kofia, na tangu hapo kila anapokutana na fundi hupita mbele yake kabisa na kujitaja, "Ni mimi mama, wa mkaa," hata watu wengine wakaiga. Baba alipiga simu kutoka barabarani. Alisema atageuza akishashusha mzigo. Bata alilia tena, kwa vipindi vifupi.

Kazi ya matone ilikuwa ya Mpekuzi. Sheria mpya ya nyumba: kabla ya uzi, kabla ya simu, dawa. Alinawa mikono, akamwinua mama kidevu, akavuta kope la chini, akadondosha tone moja kila jicho. Mama alifumba macho na kubonyeza pembeni ya pua kwa kidole, kama daktari alivyomfundisha.

"Hebu niambie," alisema siku moja, macho yamefumbwa. "Nyuma ya huo mlango wenu wa kijani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nadhani waliweka mlango tu. Nyuma ni ukuta."

"Na kivuli?"

"Wamekichora ili watu wasimame hapo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Dawa ilikuwa imemtiririka kidogo shavuni na Mpekuzi akamfuta.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Mimi umeniumbua wewe, na pengine ni afadhali. Kosa langu nimelikubali: nilificha ugonjwa unaotibika mapema, na sasa nalipa kwa macho. Mtu akiona mwili wake unabadilika, aseme, aende apimwe. Kosa lako ni lako. Ulichukua kitu cha kweli ukakivisha uongo, na sasa hata wewe huwezi kukivua. Nimekusamehe. Lakini sitaki ulisahau, nataka likufae." Akapapasa akaupata mkono wa binti yake. "Siku nyingine ukisikia mtu analia nyuma ya mlango, usikae hapo unatunga hadithi. Bisha. Ingia. Muulize ana nini."

"Ndiyo, mama," Mpekuzi alisema.

Mama akafumbua macho. Mpekuzi akasogea kutoka kando ya kiti, akaja kusimama mbele yake, pale anapoonekana.